Lulu Anaegemea Kushoto

Farasi alikuwa anakuja kasi, na alikuwa anakuja upande.

Jelagat aliuona mwendo huo akiwa kwenye uzio, akaushika uzio kwa mikono miwili. Lulu, farasi jike wa miaka miwili, alitakiwa kufuata katikati ya njia ya mchanga. Badala yake alikuwa akivutwa kushoto, kidogo kidogo, mpaka goti la aliyempanda likakaribia kukwaruza ubao.

"Umeona?" Oliver aliuliza. Ndiye mwenye mazizi hayo, nje kidogo ya Birmingham, na tangu kupambazuke alikuwa hajatulia mahali pamoja. "Jana alinyooka kama rula. Leo ndiyo hivi."

"Nimeona."

"Basi niambie. Mchana napeleka majina ya mbio za kwanza za msimu. Anakimbia au hakimbii?"

Jelagat aliendelea kumtazama Lulu. Alikuwa daktari wa mifugo aliyesomea Nairobi, sasa anaishi mtaa wa Selly Oak, na huu ulikuwa msimu wake wa kwanza kutoa uamuzi peke yake. Farasi wachanga wengine waliokimbizwa asubuhi hiyo hawakumsumbua. Huyu alimsumbua. Alikuwa ameipapasa miguu yake zizini: haikuwa na joto wala uvimbe. Oliver alipomwongoza kwa kamba uani, alitembea sawasawa. Kasoro ilianza mtu alipokaa mgongoni. Na kama ni mgongo, Lulu hatakimbia mwaka huu, na tajiri anayemmiliki alishasema hafugi farasi wa kutazamwa.

Magloire, aliyekuwa mgongoni, alimgeuza Lulu na kumrudisha taratibu. Alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mtu mkimya, na ndiye aliyemzoesha farasi huyo tandiko na hatamu. Jelagat alimfahamu kwa salamu za kanisani tu, kule Sparkhill. Rafiki yake hasa alikuwa Orpha, mke wa Magloire. Leo upepo ulikuwa mkali, na Magloire alikuwa amefunga koti hadi puani. Oliver alimwuliza jambo kwa Kiingereza kwa sauti ya juu. Magloire akatikisa kichwa tu.

"Kaka Magloire, pole na baridi," Jelagat alisema alipomfikia. "Ukiwa hapo juu unasikiaje? Ni yeye anakuvuta, ama ni hilo tandiko?"

Magloire alijibu kwa kirefu. Jelagat hakuambulia hata neno moja.

Kiswahili cha Bukavu kilimpiga chenga hata siku za utulivu; Orpha alizoea kumpunguzia kasi makusudi. Sasa kulikuwa na upepo, farasi anapumua kwa kishindo, na koti limeziba mdomo wa msemaji.

"Pole, kaka. Rudia polepole kidogo?"

Akarudia. Ikawa afadhali hata mara ya kwanza. Jelagat aliona haya kuuliza tena.

Magloire akalipiga paja lake la kushoto kwa mkono wa kulia. Akalipiga tena, kwa hasira.

"Mguu wa kushoto?" Jelagat alidakia. "Wa nyuma? Sawa, nimekupata."

Akainama, akaupapasa mguu huo wa farasi kuanzia nyonga hadi kwato. Akaibonyeza mishipa, akaukunja, akaukunjua. Lulu hakushtuka. Alichimba mchanga kwa mguu wa mbele, akapeperusha mkia, akataka kwenda. Huko juu Magloire alikuwa bado anasema, sasa haraka zaidi, sauti ikipanda kama ya mtu anayegombana.

"Anasema nini?" Oliver alikuja mbio. "Si mnaongea lugha moja?"

"Anasema ni mguu. Lakini mguu ni mzima."

"Basi mmoja wenu amekosea, na mimi sina muda wa kungoja nijue ni nani."

Jelagat akachomoa simu. Orpha alipokea akiwa ndani ya basi, Stratford Road, watoto wa watu wakipiga kelele nyuma yake.

"Dada Orpha, nisaidie. Niko na bwanako hapa, kuna farasi tunamwangalia. Ananieleza kitu na hiki Kiswahili chenu kinanishinda. Nitafsirie tu."

Orpha akacheka. "Weye nawe! Umupatie simu asemeke."

Jelagat akaweka spika na kuinua simu. Magloire aliposikia sauti ya mkewe aliinama mpaka shingoni mwa farasi, akayasema yote upya, bila kupumzika. Hatamu zilimponyoka mkono wa kushoto, hakuzifuata. Jelagat akazidaka, macho yake yakiwa kwenye mguu wa Lulu, akisubiri tafsiri.

Tafsiri haikuja.

"Orpha? Amesema nini?"

Kicheko kilikuwa kimekatika. "Dada," Orpha alisema, "ile haiko Kiswahili ya kwetu."

"Ni Kifaransa?"

"Haiko Kifaransa. Haiko kitu. Asubui tulisali pamoja, alisema muzuri. Dada, muangalie sura!"

Jelagat akainua macho. Asubuhi nzima alikuwa amekagua kila kiungo uwanjani isipokuwa uso huo. Akaishusha kola ya koti. Mdomo wa Magloire ulikuwa umeanguka upande mmoja, na juu yake jicho lilikuwa likimsihi.

"Oliver!" alipiga kelele. "Farasi ni mzima! Ni Magloire, kiharusi! Ita ambulensi!"