Kompyuta Iliyokataa Sauti Yangu

Kila asubuhi, kabla kompyuta ya nyumbani haijawaka, sheria inataka mmoja wetu aiambie, "Nyumba hii ina amani." Ikisikia uongo kwenye sauti, haiwaki. Kwa miaka tisa nimesema mimi, na imewaka. Jumatatu ile ilikataa.

Mume wangu, Mbaruku, alimwita rafiki yake, fundi Chande. Mtihani wa mtandaoni wa binti yetu Salha ulikuwa unafunguliwa saa nne, na asiyeingia kwa wakati hurudia darasa. Chande alibadilisha waya wa umeme. Akachomoa memori, akaisugua kwa kifutio cha penseli, akairudisha. Nikasema tena maneno yale. Taa ikamulika mara moja, ikazimika.

"Mashine ni nzima, shemeji," alisema bila kunitazama. "Mmelala mmenuniana?"

"Sisi hatugombani," alijibu Mbaruku. Ni kweli. Wanaogombana angalau huwa wanazungumza.

Mbaruku naye akajaribu. Taa ikazimika vile vile.

Saa nne kasoro dakika tano, Salha alisogea na sare yake ya shule, akaweka kiganja juu ya meza. "Nyumba hii ina amani."

Kompyuta ikawaka.

Chande akakusanya bisibisi zake. Mbaruku akashusha pumzi. Mimi nilibaki nikimtazama mtoto wa miaka kumi na mmoja. Alikuwa ameyatamka maneno yale taratibu, akamalizia kwa tabasamu dogo, kama ninavyofanya mimi.

Jana yake, tukianua nguo, alikuwa ameniuliza mimi na baba yake tutaachana lini.