Mtihani wa Pili

Alama za Zawena zilikuwa za juu kuliko za wote walioomba nafasi chuoni, na hilo ndilo lililomponza.

"Watu wa rangi yake hawajawahi kupata hivi," alisema mkuu wa chuo. "Aufanye mtihani tena, hapa hapa mbele yetu."

Bi Raziki, aliyeusimamia mtihani ule mwanzo hadi mwisho, alijua binti hakuibia jibu hata moja. Akafungua mdomo aseme, akamtazama mkuu, akaufumba.

Zawena akaketishwa, akapewa karatasi na penseli. Akamgeukia Bi Raziki.

"Shikamoo, mwalimu. Na wale wengine, nao wanarudia?"

"Marahaba, mwanangu." Akaiweka sawa karatasi mezani.

Binti akaisogeza penseli mbele ya mkuu taratibu, kama anayerudisha kitu cha watu, akaaga kwa adabu na kutoka.

"Si nilisema?" mkuu akacheka. "Kaogopa."

Bi Raziki akaenda dirishani amwite. Kule langoni mama yake Zawena, aliyekuwa akimngoja, alipomwona bintiye anatoka mapema vile, alikuwa ameshaanza kupiga vigelegele.