Lisibaki Hata Jani Moja

Kabla msumeno haujawashwa, fundi alitandaza maturubai matatu chini ya mzambarau, akayawekea mawe kwenye kingo. Salmini, aliyesimama mlangoni na kikombe cha chai iliyokwisha kupoa, aliuliza kama mambo yote hayo ni ya lazima.

"Matawi yakidondoka chini, utaokota majani mwezi mzima," fundi akajibu. "Yakidondoka hapa tunakunja, tunabeba, basi."

Jibu hilo lilimkosha Salmini. Si kwamba aliogopa kuokota majani. Hakutaka mkewe, Zuhra, apate hata moja la kuokota. Zuhra alikuwa ameondoka asubuhi kumpeleka binti yake, Shamila, likizo kwa mama yake mkubwa kule Masasi, na alasiri angerudi. Hadi wakati huo mzambarau uwe umekwenda, na uwanja uwe umesahau kama uliwahi kuwa na mti.

Mti wenyewe haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa la mkono uliouotesha. Mume wa kwanza wa Zuhra, Abdulatifu, aliupanda wiki ya harusi yao, miaka kumi na miwili iliyopita. Baadaye wakaachana, bwana akajiondokea zake kwenda Chilangala, huko Newala, mti akauacha. Salmini, fundi cherehani wa Masasi mjini, alikuwa amehamia nyumba hii ya Chiwata miezi minane tu iliyopita. Huyo Abdulatifu alikuwa hajamwona hata kwa picha, lakini mti wake aliuona kila siku ya Mungu. Zuhra alibangua korosho chini yake. Zuhra aliongea na simu ameuegemea. Asubuhi, kabla hata ya kumwamsha mumewe, Zuhra alikwenda kuufagilia. Salmini aliona wivu. Mara mbili alimwomba mkewe waukate, na mara mbili Zuhra alimjibu bila kuinua uso kwamba mti ni wa aliyeupanda, yeye hana ruhusa ya kuugusa.

Ndipo alipokwenda kwa jirani yao, Dominika, kuomba namba ya mkata miti. Dominika alimtajia wawili wa Masasi. Salmini akawakataa, akasema hao wanajua kuangusha tu, uchafu wanakuachia wewe. Alimtaka yule anayesifiwa kote kwamba akishaondoka hujui kama palikuwa na mti.

"Fundi Turubai?" Dominika akauliza. Alimtazama kidogo. "Una hakika ni huyo unayemtaka?"

Salmini akasema ni huyo huyo, wala asimtafutie mwingine.

Na sifa hazikuwa za uongo. Fundi alikuwa mtu mzima, mpole, Salmini akampa shikamoo yake. Jambo la kwanza aliloulizia ni kama mtoto yupo, asije akacheza chini ya matawi. Kisha kazi ikaanza. Msaidizi wake, Chrispin, alipanda juu akawa anashusha matawi madogo kwanza. Turubai likijaa, wanalishika pembe nne na kulibeba hadi kwenye guta lililoegeshwa getini, na wakati huo jingine limekwisha kutandikwa. Kuni zikakaa upande wao, magogo upande wao, maranda yakaingia kwenye viroba. Hapakuwa na lundo lililosubiri lundo jingine. Walipofika kwenye kisiki, Chrispin aliinua sururu, fundi akamzuia. Alimwambia achimbe kulia, kwa sababu kushoto linapita bomba la maji. Salmini mwenyewe hakujua kama kuna bomba. Akaona kweli huyu ni fundi, macho yake yanafika hadi chini ya udongo.

Mchana Salmini aliwakaribisha ndani wale chakula. Fundi hakutaka kuvuka kizingiti, akasema viatu vyake vina vumbi, akakaa barazani. Huko ng'ambo ya ua Dominika alikuwa akianika muhogo huku amejiziba mdomo kwa khanga.

"Alikukosea nini huyo aliyeupanda?" fundi akauliza, akinawa mikono.

"Hajanikosea, mzee wangu. Hata sura yake siijui. Ila nikiuona mti, ni kama namwona yeye."

Fundi alitafuna taratibu, akameza. "Basi mti hutauona tena."

Saa tisa shimo lilikuwa limefukiwa na kushindiliwa. Fundi alianzia ukutani, akafagia akirudi kinyumenyume hadi getini, akifuta hata nyayo zake mwenyewe. Salmini alizunguka uwanja mzima ameinama, akitafuta walau jani moja, akalikosa. Kifua kilimfunguka. Kwa mara ya kwanza tangu aoe alijiona yuko kwake, na furaha ile ikamfanya awe mkarimu kupita kiasi. Alimshika fundi mkono akamwomba awe anakuja kila Jumamosi kufagia na kupunguza michongoma ya ua.

"Hata ukinikosa, ingia tu," akasema. "Mke wangu atakuwepo."

"Wewe ndiye unayesema hivyo?"

"Mimi ndiye ninayesema."

Hapo bodaboda ikasimama nje. Zuhra alishuka, akafika getini, akasimama. Alipatazama pale palipokuwa na mzambarau, na Salmini akajiandaa kwa kilio, kwa matusi, kwa chochote. Lakini Zuhra hakumtazama yeye. Alijitanda khanga vizuri, akainama kidogo.

"Shikamoo, Baba Shamila."

"Marahaba, Mama Shamila," akaitikia fundi, akiliegemeza fagio ukutani. "Bwana wako ameniomba niwe naja kila Jumamosi, hata kama yeye hayupo."