Kona ya Chini ya Skrini

Ujumbe ulitokea tena: programu inayoendesha picha za skrini ina dosari ya usalama, hatari yake ni ndogo, bonyeza "Sasisha". Godlisten akabonyeza "Baadaye".

Fundi kompyuta mzima, na dosari hataki kuiziba. Nyumba yao ya Chanika ilikuwa na kompyuta moja, mume na mke kila mtu na nywila yake. Lakini Flaviana akishatoka kwenye akaunti yake na yeye akiingia kwenye yake, kipande cha skrini ya mkewe kilibaki kwenye kona ya chini, kufumba na kufumbua, kisha kikapotea. Godlisten alikuwa akikirekodi kwa simu.

Alikuwa anamtafuta mwanamume wa nje wa mkewe. Ndoa ilishakufa, walipishana sebuleni bila salamu.

"Mie nikiondoka, naondoka na vitu vyangu," Flaviana alimwambia. Makochi, friji, vyerehani, vyote alivinunua yeye kwa kushona sare za shule.

"Hutoki humu hata na kijiko. Jaribu uone, mie nipo."

Na alikuwepo kweli. Kazi zake alizifanyia nyumbani, kutwa kiguu na njia kati ya sebule na geti. Alichotaka ni ushahidi wa kuwapelekea wazee wa kanisa, mwanamke atolewe mikono mitupu.

Mwanzoni kona haikumpa kitu. Bei za vitambaa. Mashine ya kudarizi. Hiyo mashine ikamkera mpaka akaropoka mezani.

"Mashine ya kudarizi ya nini na vyerehani vyote hivyo?"

Flaviana aliacha kutafuna. "Nani kakwambia?"

Godlisten akainamia sahani yake. Mkewe akaitazama kompyuta, akaendelea kula.

Baada ya hapo kona ikanoga. "...nimekumisi..." Kisha, "...lile bwege halijui kitu..." Godlisten aliirudia rudia video hiyo kwa hasira, na kwa raha pia. Ijumaa akapata alichokitaka: "Kesho mchana, Kawe, ufukweni pale pale. Nitavaa nyekundu."

Jumamosi Flaviana akatoka na gauni jekundu, bila kuaga. Godlisten hakumfuata, aliwataka wote wawili pamoja. Alimwacha atangulie, akawasha pikipiki, akakata jiji zima hadi Kawe.

Alikaa juani mpaka alasiri, simu mkononi, akimkodolea macho kila mwanamke mwenye nguo nyekundu. Wawili walimtukana. Flaviana hakutokea.

Aliporudi, jirani yao alikuwa anafagia nje ya geti.

"Nyie watu mnahama hata hamuagi? Kirikuu kimeondoka na mzigo wa mwisho sasa hivi."

Sebule ilikuwa tupu, hata mapazia hayakubaki. Katikati ya sakafu ilikaa kompyuta, na juu yake kijiko kimoja.

Godlisten alichuchumaa, akaifungua, akaandika nywila yake. Kwa mazoea tu, akainua simu.

Kona ya chini ikawaka: "Pole na jua la Kawe, mume wangu. Sasa unaweza kusasisha."