Jeneza Lilivyoonekana Kutoka Juu

Afisa alimwonyesha Bi Hidaya picha iliyopigwa na droni. "Mama, tuliona wanaume wamebeba kitu kirefu, wanapokezana mbiombio. Tukadhani ni kombora, tukapiga."

"Lilikuwa jeneza la mume wangu!" Bi Hidaya alifoka. "Kwetu kila mtu hugombea kulibeba, japo hatua tatu. Jicho lenu linaona hadi vifungo vya shati, maziko haliyajui?"

Akamvuta hadi uani. Mwanawe, aliyeuawa akimbeba baba yake, alikuwa amelazwa ndani ya jeneza la kuazima, na wazee watatu wamesimama kwenye pembe zake. Pembe ya nne haikuwa na mtu.

"Wabebaji mmewamaliza. Weka bega!"

Afisa akainama, akanyanyua. Walipotoka langoni, mvumo kama wa nyuki ukasikika angani. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutazama juu.