Namba ya Kwenye Bahasha

Kwa miezi minane Sikitu na wenzake wa maabara walipima uzito wa chembe inayokufa kabla hujapepesa jicho. Waliipachika ndani ya atomi, wakaimulika kwa leza. Ili mtu asilivute jibu anakotaka, Sikitu aliongeza namba ya siri kwenye vipimo vyote, akaifungia ndani ya bahasha mpaka hesabu zikamilike.

Leo aliifungua mbele ya wote. Profesa Mbelwa, mkuu wao, akaiondoa namba hiyo kwenye vipimo, na jibu likatua palepale alipotabiri mwaka jana.

"Si nilikwambia, mwanangu?" alisema, watu wakimpigia makofi.

Sikitu alipiga pia, polepole. Namba ya kwenye bahasha ilikuwa ya uongo. Ingemharibia jibu yeyote ambaye hakuichungulia mapema na kupindisha hesabu ziendane nayo. Ya kweli ilikuwa ndani ya kiatu cha kushoto cha Sikitu, na profesa alikuwa anakuja kumpa mkono.