Fundi wa Maji Magumu

Koki ya jikoni ilikuwa imeota ndevu nyeupe. Fundi alizikwangua kwa ukucha, akazitazama kwenye mwanga wa dirisha, akatikisa kichwa.

"Mama, haya maji yenu ni magumu kwelikweli. Sabuni mnaimaliza na povu hamlioni."

"Hatulioni," mwenye nyumba alikubali. Alikuwa mwanamke wa makamo, amefumbata mikono pale mlangoni kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Fundi aliwajua wateja wa namna hiyo. Hita imeungua, birika limejaa magamba, nguo nyeupe zimegeuka rangi ya majivu, ngozi inawasha usiku kucha. Mtu kashajaribu kila kitu, kaishiwa. Wa hivyo unaanza kumtuliza kwanza, bomba baadaye.

"Usiwe na shaka," alimwambia. "Dawa yake ipo."

Mama akamtandazia mezani karatasi tatu zenye picha za mashine za kulainisha maji. Fundi alizipitia bila haraka. Ya kwanza ilikuwa sumaku ya kuvisha kwenye bomba.

"Hii achana nayo. Chokaa haitoi hata chembe, itakupa moyo tu."

Ya pili ilikuwa kubwa kama pipa, ya kufaa hoteli. Akagotesha kidole kwenye ya tatu: tangi moja la chembechembe zinazonasa chokaa, na jingine la chumvi ya kuzisafisha zikishachoka.

"Mko wangapi hapa?"

Lilikuwa swali jepesi, lakini mama alilifikiria.

"Watatu. Kuna siku tunakuwa wawili."

"Basi hii inawatosha. Mzee naye ataridhika?"

"Yeye ndiye aliyekuwa akiichukia chokaa kuliko sisi wote."

Mama akaenda nyuma ya mlango, akavuta boksi. Ndani yake mlikuwa na mashine ile ile ya tatu. Boksi lenyewe lilikuwa limelegea pembe, tepu juu ya tepu. Fundi akacheka.

"Kumbe umeshanunua, unanipima tu."

"Kuna fundi mmoja niliwahi kumsikia akiisifu."

"Huyo anajua kazi."

Akafunga maji, akapiga magoti chini ya sinki. Pale kazi ilikuwa imerahisishwa: bomba lilishakatwa, nati zikawekwa, na kila kiungo kilikaa sawasawa. Aliyelaza mabomba ya nyumba hii alikuwa fundi hasa. Alitaka kuuliza ni nani, lakini swali likampotea kabla halijafika mdomoni, akaliacha liende. Kijitabu cha maelekezo alikifungua akakifunga, maana herufi zilikuwa zinacheza. Haidhuru. Mikono yake haikuwahi kuhitaji kijitabu.

Kila aliponyoosha mkono, mama alikuwa ameshamwekea spana kiganjani, tena ile ile aliyoitaka. Wakaenda hivyo kama watu waliofanya kazi pamoja miaka.

Halafu akakwama. Nati ilikuwa mkononi, bomba lilikuwa mbele yake, na baina ya hivyo viwili hapakuwa na kitu. Jasho likamtoka. Alisubiri, kama mtu anayesubiri umeme urudi. Nje gari lilipita, likatokomea, na yeye bado ameshika nati.

"Tepu nyeupe kwanza, fundi," mama alisema taratibu. "Ndiyo nati ifuate."

"Najua, mama. Hii kazi nimeifanya miaka mingi," alijibu kwa ukali, kisha akaona haya. Mteja hakuwa na kosa. "Ni joto tu la humu ndani."

"Ni joto," mama alisema.

Akazungusha tepu kwenye bomba, akakaza nati, akamimina chumvi, akafungulia maji. Alipitisha kidole kwenye kila kiungo, kisha akakitazama. Kikavu.

"Nawa sasa."

Mama akanawa. Povu likapanda mpaka kwenye vifundo vya mikono, zito, jeupe. Akalitazama bila kulisuuza, na machozi yakamshuka. Fundi akageuka, akajifanya kupanga spana kwenye begi. Wateja wa kufurahi alishawaona wengi. Wa kulilia povu hakuwahi kumwona.

Mlango ukafunguliwa, akaingia binti wa nyumba hiyo, amevaa sare ya uuguzi.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mama, una binti mwenye adabu."

Binti akaitazama mashine, kisha akamtazama mama yake.

Fundi akatundika begi begani. "Mimi niwaage. Mke wangu hapati raha nikichelewa."

"Kunywa chai kwanza," mama alisema. "Hatakasirika."

Akakubali, akakaa sebuleni na kikombe chake. Chai ilikuwa na sukari kama anavyoipenda. Mama na binti wakarudi jikoni, wakaanza kunong'ona, lakini ukuta ulikuwa mwembamba.

"Mama, utaendelea hivi mpaka lini? Akilala unaifungua unairudisha kwenye boksi, akiamka anaifunga upya. Mwezi wa pili huu."

"Sijui, mwanangu. Akishika spana, baba yako anakuwa yule yule wa zamani. Akiikuta imeshafungwa, anazunguka nyumba nzima akiuliza kazi iko wapi, mwisho analia kama mtoto. Unataka nifanye nini?"

Fundi akaweka kikombe chini polepole. Maskini, alijisemea, kumbe mzee wa nyumba hii anaumwa, na mimi kutwa nzima nagonga mabomba bila hata kumwulizia hali.